Neno Sori na Kibaraza cha Bi Taraivini

Jumatano, 3 Julai

Siku njema sana. Naandika nikiwa na furaha ambayo, kwa mtu wa umri wangu, yafaa niiombee radhi.

Leo nimewafundisha akina mama wa kanisa somo la kwanza la Kiingereza. Mwezi ujao waumini wa Brisbane wanakuja kututembelea, na Mchungaji Nemani hataki tena tuwakodolee wageni macho na kutabasamu tu kama safari iliyopita. Aliponiomba nifundishe, nilikataa kwa adabu, kama inavyompasa mtu aliyelelewa na misheni. Kisha nikakubali upesi, kabla hajamfikiria mwingine.

Nilichagua neno moja tu: sori. Niliwaeleza akina mama kwamba sisi Wafiji tuna neno la kila jambo, lakini Mwingereza ni bahili wa maneno. Hununua neno moja akalivaa shambani, kanisani na kitandani. Ukimkanyaga mtu, sori. Akifiwa, sori. Hukumsikia vizuri, sori. Wataka akupishe mlangoni, sori. Mkate umekwisha dukani, muuzaji hasemi hapana, husema sori. Mama mmoja akauliza watu hawa wamekosa nini hata waombe msamaha kutwa kucha. Swali zuri. Nikasema sori, wakapiga makofi.

Nikamalizia na matumizi magumu, yale yanayotenganisha msomi na mpita njia: kitu sori, yaani kitu duni, kilichochakaa, ambacho ukikitazama moyo unashuka. Hapa nilihitaji mfano. Dirisha la ukumbi linatazama nyumba ya Bi Taraivini. Nikanyoosha rula. Nikasema: kwa mfano, kile kibaraza.

Kimya kikubwa. Nilidhani wanaandika.

Bi Taraivini mwenyewe alikuwa safu ya mbele. Aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Bila shaka alikuwa na chungu jikoni.

Na tuseme ukweli, maana shajara haina masikio: somo lote lilikuwa kwa ajili yake. Ni mjane, jirani yangu wa upande wa pwani. Tangu mke wangu Lusiana aliponitangulia, kila Jumapili baada ya ibada Bi Taraivini huniletea sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Magimbi, samaki, majani yaliyopikwa kwa tui zito. Huketi kidogo nikila. Mwezi uliopita alisema, akiwa ameitazama sahani wala si mimi, kwamba nyumba yake ni kubwa kwa mtu mmoja. Nimelitafakari sana jambo hilo. Nia yangu ni ya heshima kabisa: siku moja aniambie niende nikale kule kule, kibarazani kwake. Elimu itanifikisha.

Alhamisi, 4 Julai

Elimu haijanifikisha.

Asubuhi alikuja Setareki. Ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani: hunitukana apendavyo, nami kwa desturi sina ruhusa ya kukasirika. Nimeishi na katazo hilo tangu utotoni. Isitoshe yeye ndiye mnenaji wa ukoo wetu, kama baba yake. Katika jambo lolote zito hakuna anayejisemea. Husema Setareki.

Aliuliza kama ni kweli nimemwambia Taraivini nyumba yake ni jalala, mbele ya wanawake wote, tena kwa rula. Nikamweleza kwamba ilikuwa sarufi. Akacheka hadi akashikilia nguzo ya nyumba yangu. "Sarufi! Bwana we, kile kibaraza marehemu mumewe alikijenga kwa mikono yake, akamaliza msumari wa mwisho, hakuona Krismasi. Halafu wewe unakinyooshea fimbo ya shule!"

Sikulijua hilo. Au nililijua nikalisahau, jambo ambalo ni baya zaidi. Naomba radhi kwa karatasi hii.

Nilivaa sulu yangu nyeusi ya kanisani, ile shuka ya kufunga kiunoni, nikaenda kwake. Nikasimama chini ya ngazi. Nikasema, kwa Kiingereza safi, sori.

Alikuwa akimenya muhogo. Aliinua kichwa, akasema: "Sori?" Maana yake hakusikia. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema: "Sori." Akafunga mlango. Maana yake mkate umekwisha.

Matamshi yake yalikuwa bora kuliko ya darasa zima. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ya aliyefungiwa mlango na fahari ya mwalimu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepata mpango. Naona haya kidogo kwa ujanja wake.

Ugomvi huisha pale aliyenuna anapomsemesha mwenzake kwanza. Hiyo ni kanuni ya dunia nzima. Kesho, baada ya ibada, nitasimama katikati ya mlango wa kanisa, ambao ni mwembamba. Bi Taraivini atataka kupita. Kwa kuwa ni mwanafunzi mwema, ataniambia sori, kwa maana ya nipishe. Atakuwa amenisemesha. Nitampisha kwa kuinama, nitauliza hali yake, na kufikia adhuhuri sahani itakuwa njiani.

Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 7 Julai

Nilisimama mlangoni kama ilivyopangwa.

Kanisa zima liliniambia sori. Wazee, akina mama, wanakwaya mmoja mmoja, mlemavu wa mguu kutoka kijiji cha pili aliyekuja na fimbo zake mbili. Kila mmoja nilimpisha kwa kuinama, kisha nikarudi mahali pangu. Mchungaji Nemani alifika, akasema sori, kisha akauliza kwa wema kama nina kizunguzungu.

Bi Taraivini alitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa mchungaji. Katika miaka yangu yote sijamwona muumini akitumia mlango ule.

Adhuhuri nikiwa dirishani niliiona sahani. Naitambua kwa maua ya buluu ukingoni. Ilipita mbele ya nyumba yangu ikiwa juu ya kiganja cha Bi Taraivini, jani la mgomba likitoa mvuke, ikaenda moja kwa moja kwa Setareki. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wake. Nilisikia harufu ya tui.

Nilikula biskuti ngumu na chai ya majani ya mlimau. Sinung'uniki. Naandika tu kilichotokea.

Jumatatu, 8 Julai

Setareki amenijulisha, bila kuulizwa, kwamba anaazima msumeno na nyundo. Atakitengeneza kibaraza. Alisema ataanza kesho, akapiga mluzi.

Haiwezekani! Aliyekitukana kibaraza ni mimi. Haki ya kukitengeneza ni yangu. Nilijua kwamba leo Bi Taraivini angekwenda mwambani kuokota kombe, maji yakipwa. Mpango: atakaporudi, akute mbao mpya na mimi nikifuta jasho kwa leso, bila kusema neno. Kutosema neno ndio ufundi wenyewe.

Misheni ilitufundisha Zaburi, hesabu na namna ya kula kwa uma. Useremala walifundishwa wavulana waliofeli. Setareki alifeli.

Nilipanda ngazi nikiwa na nyundo. Nilikanyaga ubao wa tatu ili niupime. Ulipimika. Mguu wangu wa kulia ulizama hadi kwenye paja. Nikajaribu kuuvuta, sulu ikanasa kwenye msumari. Nikaona nisubiri, kwa kuwa kuvuta zaidi kungehatarisha heshima yangu ya chini.

Kuku walikuja kuutazama mguu kwa upande wao.

Bi Taraivini alirudi na kapu la kombe kichwani. Alilitua chini. Mimi, nikiwa nusu mtu juu ya kibaraza cha marehemu, nikasema sori.

Akauliza: "Ipi kati ya zile, Mwalimu?"

Nilifikiri. Nilitaka kuwa mkweli. Nikamjibu kwamba ni ile ya kwanza, ya kukanyaga, lakini kwa hali niliyomo hata ile ya mwisho ingefaa.

Nilidhani mdomo wake umetikisika. Huenda ilikuwa jua. Aliingia ndani, nikamsikia akiosha vyungu. Baadaye alipita akaenda kumwita Setareki.

Setareki alinikata kwa msumeno. Yaani alikata ubao. Alifanya kazi hiyo polepole sana, akisimulia kila hatua kwa wapita njia. "Kibaraza kimekumeza, mtani. Si ulikisema? Kilikusikia!" Sina ruhusa ya kukasirika. Nilimshukuru. Nilimwomba radhi kwa kumharibia kazi anayoianza kesho.

Jumatano, 10 Julai

Somo la pili. Hakuja mtu. Kila mama niliyemkuta njiani aliniambia sori, kwa maana ya mkate. Wamelielewa kabisa. Hakuna mwalimu aliyewahi kufaulu hivi.

Nilikaa ukumbini peke yangu na chaki. Kutoka dirishani nilimsikia Setareki akigongomea misumari. Hapigi ovyo. Anapiga kwa mahadhi ya nyimbo za kwaya, na Bi Taraivini alikuwa akiitikia sauti ya pili kutoka jikoni. Nilifunga dirisha kwa sababu ya vumbi.

Mchungaji Nemani alikuja akaketi kwenye benchi la nyuma. Aliniambia kwa upole niache Kiingereza. "Mzee wangu, sori inatoka mdomoni, inaishia hewani. Sisi letu linabebwa mikononi. Chukua furushi la mizizi ya kava, tafuta mnenaji, nenda ukae chini mbele ya nyumba yake. Utasamehewa, mambo yatazikwa. Si unajua mwenyewe?"

Najua. Desturi ya kuzika kosa naijua tangu utotoni. Aliyekosa huinamisha kichwa, hasemi lolote, na kitu alichokuja nacho kikipokewa, kosa limezikwa. Kukataa kupokea ni aibu kubwa mno. Sikumbuki aliyewahi kukataa.

Kitu ambacho karibu hakikataliki! Mbona sikufikiri mapema? Nilimshukuru Mchungaji hadi akaona haya.

Lakini kava hapana. Kava ni kinywaji tu, hubebwa na kijana aliyeiba kuku. Mimi ni mtu wa misheni, na nimemtukana marehemu. Nitapeleka jino la nyangumi, ambalo kwetu hakuna zawadi iliyo juu yake.

Alhamisi, 11 Julai

Jino linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, kwa kamba yake ya nyuzi za nazi. Lilikuja na Lusiana. Alilirithi kwa baba yake, naye kila Jumamosi alilisugua mafuta ya nazi hadi likawa na rangi ya chai ya maziwa. Baada yake nimeendelea kulisugua, ingawa silisugui vizuri kama yeye. Nilimweleza Lusiana kwa sauti kwamba nalihitaji. Nilimwambia ni kwa ajili ya adabu. Hakusema lolote, na alipokuwa hai hiyo ilikuwa na maana yake.

Shida ni moja. Sina haki ya kujisemea. Mnenaji wetu ni Setareki.

Nilimkuta akinoa msumeno. Nilipomfunulia jino aliacha kunoa. "Jino la nyangumi? Kwa kibaraza? Apisalome, umemuua nani?" Nikamwambia kosa hupimwa na aliyelitenda. Akaufuta msumeno, kisha akasema sawa, atasema, lakini ninyamaze kama gogo tangu mwanzo hadi mwisho, nisije nikaleta sarufi.

Nilimwandikia hotuba. Lugha ya juu, yenye Ayubu na Zaburi ndani yake, na kifungu kizuri cha kueleza matumizi ya neno sori ili ieleweke kwamba sikuwa na nia mbaya. Nimefurahishwa nayo. Nilimpa leo jioni, akaishukuru karatasi kwa ulaini wake. Baadaye nilipopita kwake nilimwona akivuta tumbaku iliyosokotwa katika kitu cheupe chenye mwandiko.

Natumaini kilikuwa kile kifungu cha Ayubu tu.

Jumamosi, 13 Julai

Imefanyika.

Kaka yake Bi Taraivini, Bwana Vilikesa, alivuka ghuba ili apokee kwa niaba ya familia. Walitandika mikeka juu ya kibaraza. Kibaraza kipya! Mbao zimelingana kama meno ya mtoto. Sisi tuliketi chini, nje, Setareki mbele, mimi nyuma yake, kichwa kimeinama. Kijiji chote kilikuja. Mikoba ya akina mama wangu wa Kiingereza niliitambua kwa pembe ya jicho.

Setareki alianza kwa utani. Alisema amemleta mzee ambaye juzi alikuja kuomba radhi kwa mguu mmoja tu, leo amekuja na yote miwili. Kicheko kikubwa. Nilidhani basi, nimekwisha.

Kisha sauti yake ikabadilika. Sijui ameitoa wapi sauti ile. Alimtaja marehemu aliyekijenga kibaraza, namna alivyopima kila ubao kwa urefu wa mkono wa mkewe, ili awe anafikia kuning'iniza mkeka bila kunyanyuka. Alisema nyumba huzeeka mahali pale ambapo watu walikuwa wakikaa pamoja. Akasema, na hapa naandika kadiri ninavyokumbuka: "Huyu aliye nyuma yangu kichwa chake kimejaa maneno, na nyumbani hana wa kumwambia. Ndiyo maana yanamwagika popote. Msameheni. Ni mpweke, na mpweke hana shabaha."

Hakuna hata sentensi yangu moja aliyoitumia.

Watu walilia. Bwana Vilikesa alilia. Mimi nililia pia, hadi nikasahau ni nani anayesemwa. Jino likapokewa, viganja vikapigwa vile vizito vya desturi, Bwana Vilikesa akatamka kwamba jambo limezikwa.

Niliinua kichwa. Bi Taraivini alikuwa akifuta machozi, macho yake yakimeta kwa namna ambayo sijaiona tangu nimfahamu. Niliyafuata macho yale ili nijue yanamtazama nani. Yalikuwa yakimtazama Setareki.

Jambo likishazikwa haliruhusiwi kutajwa tena. Nilikuwa na mengi ya kueleza kuhusu sarufi. Nimechelewa.

Jumapili, 14 Julai

Sahani imerudi!

Ile ile ya maua ya buluu. Jani lile lile. Tui zito. Nilisimama nikashika fremu ya mlango kwa shukrani.

Aliyeibeba ni Setareki. Alisema Taraivini amechoka, amemwomba ailete. Aliketi kidogo nikila, kisha akasema samaki amebaki mkubwa kwa mtu mmoja, akala nusu.

Nilimuuliza, kwa namna ya mbali, kama Bi Taraivini hupumzikia kibarazani jioni hizi. Akasema hupumzika. Nikauliza kama huwa peke yake. Akalamba kidole. Akasema siku hizi upepo wa pale ni mzuri mno.

Hata hivyo nauona mpango wangu ukienda vizuri. Sahani ilianza kuja kwangu mwanzo, na imeanza tena. Ni suala la subira.

Ijumaa, 19 Julai

Setareki alikuja adhuhuri akiwa na shati jeupe na sulu ya kanisani. Ijumaa! Hakunitukana mlangoni. Nikashtuka, nikamuuliza nani amefariki.

Aliketi sakafuni. Alifungua kitambaa, akaweka mbele yangu jino la nyangumi. Rangi ya chai ya maziwa. Kamba ya nyuzi za nazi, na lile fundo alilofunga Lusiana.

Alieleza polepole, akitafuta maneno, yeye ambaye maneno humtafuta. Bwana Vilikesa alimtunuku jino lile kwa kazi ya kibaraza na kwa hotuba. Sasa yeye na Taraivini wamekubaliana. Wamechoka kula kila mtu kwake. Lakini posa haiendi hivi hivi, lazima mtu aende kwa Vilikesa akaseme. "Na mnenaji hajisemei, mtani. Kwa wengine wote nasema mimi. Kwangu mimi nani atasema? Hapa kijijini mwenye lugha nyingine ni wewe. La posa nitatoa jino la baba yangu. Hili ni la kukuomba wewe unisemee."

Nje kuku walikuwa wakibishana.

Nilielewa kila kitu kwa zamu. Kwanza kwamba sahani ya kesho kutwa itakuwa ya mwisho, au itakuja ikiwa ya watu wawili wanaomhurumia wa tatu. Pili kwamba kwenye kibaraza kile hakuna mahali pangu, na kwamba pale palipo pazuri pamewekwa mbao kwa hisani ya tusi langu. Tatu kwamba jino lilikuwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyesherehekea ugumu wa kulikataa.

Nililichukua. Bado lilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi. Nikapiga viganja kama inavyostahili. Nikasema nimepokea.

Kisha nikasema sori. Setareki, ambaye hakuhudhuria somo, aliuliza ipi, eti Taraivini amemwambia ziko nyingi. Nikamjibu kwamba ni ile ya mlangoni, anipishe, ninakwenda jikoni kuchemsha chai.

Nilikaa jikoni hadi birika likakauka. Nilirudi nikaomba radhi kwa kukosekana chai. Akasema haidhuru, akanishika bega, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani sana anitukane.

Jino nimelirudisha nyuma ya mlango. Lusiana hakusema lolote.

Jumapili, 21 Julai

Sahani imekuja. Ameileta Bi Taraivini mwenyewe. Aliketi kidogo. Alisema, akinitazama mimi safari hii, kwamba nisidhani nitasahauliwa, na kwamba kibarazani kuna kiti. Cha tatu.

Nikamshukuru. Nikamwambia mgongo wangu haupatani na viti, kwa sasa.

Kabla ya kuondoka alisema amefurahi kwamba ni mimi nitakayesema. Alisema anajua nitasema vizuri. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba.

Jumanne, 23 Julai

Siku mbili nimekuwa mnyonge. Sasa basi! Posa ni Jumamosi, na nimeamka nikiwa na nguvu mpya.

Nimejichunguza kwa unyofu, nikajiuliza kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Lilikuwa katika uchaguzi wa neno. Sori ni neno la huzuni, na huzuni huzaa huzuni. Ningechagua neno la sifa, yote haya yasingetokea.

Ikiwa sikupewa kiti cha kwanza, basi nitatoa hotuba ambayo hata mwenye kiti hicho hataisahau. Sitamwangusha Setareki. Yeye alinisemea kwa Kifiji cha kawaida; mimi nitampa na Kiingereza ndani yake. Bwana Vilikesa atajua ukoo wetu umesoma. Mchungaji atakuwepo, akina mama wangu wa darasa watakuwepo wote, nao watafurahi kurudishiwa masomo yao hadharani.

Nimechagua neno fain. Mwingereza hulitumia kwa kila kitu. Kitu kizuri, fain. Hali njema, fain. Siku ya jua, fain. Unga uliochekechwa ukalainika, fain. Nimelipitia neno hili usiku na mchana, na kila matumizi yake yanamfaa bibi harusi. Wema wake, afya yake, uso wake asubuhi, magimbi yake yaliyopondwa. Hotuba inajiandika yenyewe.

Limebaki tumizi moja gumu, la kitu chembamba, kilichopungua, ambacho mwanga hupita katikati yake. Mwalimu wetu wa misheni alikuwa akilitumia kwa uzi. Uzi hautatosha, watu wa hapa wanataka mfano wanaouona kwa macho. Nimetafuta sana. Kisha jana, Bi Taraivini alipokuwa ameinama akipepeta mbele ya nyumba, jua likiwa nyuma yake, nikauona utosi wake. Nywele za pale juu ni fain kabisa.

Naye ataketi mbele, kibarazani, ambako kila mtu atamwona.

Nitalisema kwa heshima kubwa. Rula nimeshaifuta vumbi.